Rejeta ya Pili

Kiti cha pale kona ya kinyozi watu hukiita benchi, lakini ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, kimesukumwa ukutani na kuwekewa matofali chini kisiyumbe. Katikati springi zimekata tamaa, na anayekaa hapo huzama mpaka magoti yanamkaribia kidevu. Kwa hiyo wazoefu huwahi pembeni na wengine huachiwa shimo. Asubuhi hiyo aliyekuwa shimoni ni Baba Pacha, mpiga picha za vitambulisho, mtu ambaye ndani ya studio yake huwaamuru watu wasipepese macho, ila akitoka nje hajui kumkatalia mtu jambo. Mbele yake gari lake la familia, lile la viti saba, lilikuwa limesimama boneti juu, linadondosha mafuta mekundu kwenye lami. Na juu mlimani, kwenye hospitali ya macho, mama mkwe wake aliyetolewa mtoto wa jicho alikuwa ameruhusiwa tangu mapema, amekaa anamsubiri. Baba Pacha alikuwa ameianza safari vizuri tu. Gari lilifika mwanzo wa mlima, likanguruma bure bila kusogea, na yeye akaliachia lirudi kinyumenyume kwa mteremko mpaka hapa kona, roho mkononi.

— Yule fundi ni muuaji, — alisema Kinyozi. Alikuwa amesimama mlangoni kwake na mashine ya kunyolea mkononi. Mteja wake alikuwa amemwacha ndani, kichwa kimenyolewa nusu. — Nasema na narudia. Muuaji!

— Kimsingi, hajaua mtu, — alisema Mstaafu, aliyekuwa karani wa ofisi maisha yake yote na mpaka leo huzungumza kama anayesoma barua ya mkuu wa idara. — Ameua giaboksi.

— Giaboksi ya gari la familia! Baba, mama, mapacha, mama mkwe! Ukijumlisha hapo, kama si mauaji ni nini?

— Hilo nalo neno.

Baba Pacha alipata faraja moyoni. Tangu gari limgomee alikuwa anaona aibu, na sasa wenzake walikuwa wanamsaidia kuigeuza aibu kuwa hasira. Hasira ni nyepesi kuibeba.

— Na mmeona alivyoingia mitini? — Kinyozi aliendelea. — Tumemwita kwa heshima zote. Kaja, kainama, kachungulia chini ya bampa, kainuka, kafuta mikono, kaondoka. Hata kwaheri hakuna! Mtu asiye na hatia anaondoka hivyo?

— Alicheka, — alisema Baba Pacha.

— Nani alicheka?

— Fundi. Alipoinuka. Alicheka kidogo, halafu ndiyo akaondoka.

— Ebo! Akuharibie gari na akucheke juu yake! Dunia imekwisha, jamani. Wewe, leta kahawa, habari hii siwezi kuisikiliza kinywa kikavu.

Muuza kahawa akainamisha birika lake. Kwenye kijiwe kile yeye humimina tu, na pengine ndiyo sababu biashara yake inakwenda.

Sasa habari yenyewe ilikuwa hivi. Gari la otomatiki lina mafuta ndani ya giaboksi, na mafuta hayo hupata moto. Ipo rejeta ndogo ya kuongezea, si ya maji bali ya mafuta hayo, ambayo fundi huifunga mbele ya ile rejeta kubwa ili upepo uipige. Mpira mmoja hupeleka mafuta ya moto, mwingine huyarudisha yakiwa yamepoa. Wanaovuta matrela huifunga. Wanaopandisha mizigo mizito milimani huifunga. Baba Pacha, ambaye mizigo yake ni mapacha, mkewe na kapu la sokoni, aliifungisha juzi kwa yule fundi, na aliyeamua hivyo ni benchi.

— Mimi nilisema tangu mwanzo, — alisema Injinia.

Cheo cha Injinia hakuna anayejua alikipata wapi. Aliwahi kutengeneza feni ya kinyozi. Tangu siku hiyo inazunguka kinyume na kuvuta nywele juu badala ya kupuliza, lakini inazunguka.

— Ulisema nini? — aliuliza Mstaafu.

— Nilisema.

— Ndiyo nakuuliza, ulisema nini?

— Nilisema gari hili linachemka! Nani aligundua? Nani alivua kiatu hapa mbele ya mashahidi?

Hilo lilikuwa kweli. Jumatatu jioni, Baba Pacha alipoegesha hapo kunywa kahawa, Injinia aliomba kukaa kiti cha mbele. Akavua kiatu, akabandika unyayo kwenye sakafu ya gari pale palipoinuka katikati, akafumba macho. "Moto," akasema. Akaingia Kinyozi, akavua ndala, naye akasema moto. Mstaafu alivua kiatu na soksi, akaikunja soksi vizuri na kuitia mfukoni, akakanyaga, akatoa uamuzi: "Joto lisilo la kawaida." La kawaida ni lipi, hakuna aliyeuliza. Baba Pacha akaweka na wake. Palikuwa na joto kweli. Siku zote alizokuwa na gari hilo hakuwahi kulikanyaga peku, na akaona haya kwamba kwa uzembe wake angeweza kuja kuunguza giaboksi huku mama wa watu yumo ndani.

— Kwa hiyo tatizo si sisi, — alisema Kinyozi.

— Hata kidogo, — alisema Mstaafu. — Sisi tulitoa ushauri. Utekelezaji ulikuwa wa fundi.

Simu ya Baba Pacha ikaita. Alikuwa mkewe.

— Umeshamchukua mama?

— Niko njiani.

— Mbona namsikia Injinia?

— Nimempa lifti.

Mkewe akaiacha hiyo lifti ipite.

— Mama amefungwa jicho moja, na hilo lingine unajua lilivyo. Asikae pale peke yake, mume wangu. Nimeongea naye kwa simu ya nesi, nimemwambia atulie, mkwe wake anakuja.

— Naingia getini, — alisema Baba Pacha, akakata.

— Hapo umejibu kiume, — alisema Injinia.

Baba Pacha hakujisikia kiume hata chembe. Mama yule alimpokea wakati shemeji zake wote walikuwa wanaulizana mpiga picha atamlisha nini dada yao. Hakuwahi kumwita mkwe, alimwita mwanangu, na alilitamka neno hilo mbele za watu bila kujiumauma. Baba Pacha akashika ukingo wa kiti, akaanza kujinasua.

— Ngojeni niite teksi.

Hapo benchi zima lilipandwa na hamaki kama limetukanwa.

— Teksi?

— Umpakie mama mkwe kwenye teksi, na gari unalo?

— Gari lenyewe si halitembei.

— Halitembei kwa sasa! — Injinia alipaza sauti. — Leo ukimleta na teksi, mpaka mapacha wanaoa wewe ni yule mkwe wa teksi. Hilo jina halifutiki. Kaa chini bwana, gari litatengemaa sasa hivi.

Mkono wa Mstaafu ukamgusa begani kwa huruma, akarudi shimoni. Alikaa. Baadaye hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote, kwamba aliambiwa akae, akakaa.

— Turejee kwenye chanzo, — alisema Mstaafu. — Mimi nina mashaka na yale mafuta. Hebu yatazameni. Mekundu.

— Si ndiyo rangi yake?

— Nani kati yenu amewahi kusikia mafuta yanachimbwa mekundu? Mafuta hutoka ardhini yakiwa meusi. Ukiyakuta mekundu, ujue kuna mtu katikati ameingiza mkono. Ile ni rangi ya nguo.

— Tumepigwa changa la macho! — alisema Kinyozi.

— Mnanichekesha, — alisema Injinia, ingawa hakuwa anacheka. — Mnaangalia mafuta, hamwangalii kiwanda. Giaboksi inatengenezwa na nani? Kiwanda. Rejeta ya kuipoza inatengenezwa na nani?

— Kiwanda.

— Haya! Baba mmoja, mama mmoja! Kaka anakupa ugonjwa, mdogo wake anakuuzia dawa. Kwani wanashindwa nini kufunga rejeta mbili tangu hukohuko? Wamekosa chuma? Wapi! Wanakaa mezani wanaulizana, jamani, tuwape nzima? Mmoja anajibu, tukiwapa nzima sisi tutakula wapi?

— Mashetani wakubwa!

— Tena wamevaa tai.

— Kinyozi! — sauti ilitoka ndani. — Na mimi je?

— Vumilia kidogo, kuna msiba huku! — Kinyozi alijibu bila kugeuka, kisha akashusha sauti. — Mimi naenda mbali zaidi yenu. Niulizeni kuhusu hospitali. Hospitali ya macho, ya watu wasioona, imejengwa juu ya mlima. Kwa nini?

— Kwa nini?

— Chini ya mlima kuna nini?

Benchi likafikiri.

— Gereji, — alisema Mstaafu polepole.

— Moja?

— Zimejipanga.

— Basi. Kazi kwenu.

— Unataka kusema daktari na fundi lao moja?

— Sijasema mimi. Mlima ndio unasema.

Mstaafu aliweka kikombe chini kwa uangalifu. Ilionekana wazi kwamba jambo hili lilikuwa limemgusa mahali.

— Na kwa nini wagonjwa huruhusiwa asubuhi? — aliuliza. — Asubuhi jua linapanda. Gari nalo linapanda. Kitaalamu, joto la huku na joto la kule yanakutana kwenye giaboksi. Wangeweza kabisa kumruhusu mama jioni, jua likiwa linashuka. Hawakufanya hivyo.

— Makusudi!

— Kwa utaratibu kamili.

— Wezi! — Baba Pacha alisikia sauti yake mwenyewe inapiga kelele. Hakujua anamwita nani mwizi, daktari, mlima au jua, ila kelele ile ikamtoa shimoni mzimamzima. Akaenda mpaka kwenye gari, akainama palepale alipoinama fundi.

Aliona rejeta yenyewe, ndogo, imekaa vizuri mahali pake. Aliona mpira mweusi, mnene, umebanwa sawasawa. Halafu akauona mwenzake wa kijani, mrefu, umezungushwa mizunguko mizunguko nyuma ya bampa, umelainika kama utumbo, na ncha yake imechomoka inaning'inia. Mafuta yalikuwa yanatokea hapo. Akapenyeza mikono akaupapasa, na kile kicheko cha fundi kikaanza kumwingia akilini.

— Fundi alifunga mipira miwili myeusi, — alisema akiwa bado ameinama.

Benchi likageukia vikombe vyake.

— Naongea na nyie. Fundi alifunga miwili, yote myeusi. Huu wa kijani umefuata nini humu?

— Ule wake wa pili ulikuwa mfupi, — alisema Injinia. — Si tulikubaliana jana? Mafuta yakipita njia fupi yatapoa saa ngapi? Lazima yatembee, yapunge upepo. Nilikueleza vizuri, ukasema sawa.

— Nilisema sawa kwa sababu mlikuwa mmeshaukata!

— Mpira ulitoka kwa Mstaafu, — alisema Kinyozi haraka.

— Naomba ieleweke, — Mstaafu alisimama kabisa, — kwamba mpira ule umemwagilia maua yangu miaka yote bila kulalamikiwa. Lalamiko la kwanza ni hili la leo. Waulizwe waliofunga.

— Mimi nimefunga kwa waya mpya! — alijitetea Injinia. — Njoo uutazame, haujakatika. Kama mpira umechomoka wenyewe ndani ya waya, waya una kosa gani?

— Mpira wa bustani! — alisema Baba Pacha. Aliinuka, na mikono yake ilikuwa myekundu kwa mafuta mpaka kwenye viwiko. — Mmenifungia mpira wa bustani kwenye giaboksi, mkanikalisha hapa nimtukane fundi! Mama wa watu amekaa kule juu, haoni, kila gari likiingia getini anainuka akidhani ni mimi, na mimi niko hapa nasikiliza habari za jua na mlima! Nimemdanganya mke wangu! Kwa ajili ya nini? Nijibuni!

Alikuwa amewakasirikia wote, lakini aliyemkasirikia zaidi alikuwa yule mtu wa shimoni aliyesema sawa kwa kila kitu.

— Hata hivyo, — Injinia alianza kwa upole, — fundi mwenye utu angerudi akatuonya...

Hakumaliza. Pikapu iliyosheheni mashuka ya hospitali, yale machafu yanayokwenda kufuliwa, ilisimama kando yao. Dereva akashuka, akazunguka upande wa pili, akafungua mlango na kumshika mkono mama mmoja mpaka miguu yake ilipoikanyaga lami. Jicho moja lilikuwa limefunikwa kwa pamba na plasta. Mkononi alishika mfuko wenye ndala na chupa yake ya chai.

— Nilimkuta amebaki peke yake, — dereva aliwaambia. — Nikamwambia mama, panda tu, usijali mashuka. Aliniambia anasubiri gari la mwanawe la viti saba, na nilipoliona hili hapa nikasimama.

Akarudi kwenye usukani, akaenda zake. Benchi zima lilikuwa limesimama.

— Shikamoo mama!

— Marahaba, wanangu. Mko salama?

— Salama, mama, — walisema, ingawa hakuna aliyeonekana hivyo.

Baba Pacha alificha mikono nyuma. — Pole mama. Pole sana. Nisamehe. Ni gari, mama. Giaboksi ilikuwa inachemka, tukaifungia rejeta ya kuipoza, sasa hiyo rejeta ndiyo...

— Mafuta yametiwa rangi, mama, — alidakia Mstaafu.

— Viwanda vya siku hizi, mama, — alisema Injinia.

— Na ule mlima, mama, — alisema Kinyozi, lakini akaona ni afadhali aishie hapo.

Mama aliwasikiliza wote kwa adabu, akigeuza uso kumfuata kila anayezungumza. Kisha akanyanyua kidevu na kulitazama gari kwa jicho lake moja, kuanzia boneti mpaka kwenye dimbwi la mafuta.

— Gari si ndilo hili lililonipandisha Jumatatu?

— Ndilo, mama.

— Mimi mbele. Binti yangu na watoto nyuma. Na mizigo yangu yote.

— Ndiyo, mama.

— Lilisimama njiani?

— Halikusimama.

— Likatufikisha mpaka mlangoni.

— Mpaka mlangoni.

— Sasa lilikuwa na nini?

Aliuliza bila ubaya, kama mtu anayetaka kujua tu. Injinia aliutazama mguu wake, ule uliosema moto. Mstaafu alikohoa kikohozi cha mtu anayejiandaa kuhutubia, lakini hotuba haikuja. Kinyozi alimkumbuka mteja wake, akageuka, akamkuta mlangoni, kichwa nusu, taulo shingoni, naye anasubiri jibu. Muuza kahawa aliinamisha birika, lilikuwa limekwisha. Baba Pacha alitamani ardhi ipasuke immeze. Lilikuwa na nini? Halikuwa na kitu. Lilikuwa zima.

Mama hakuendelea kungoja. Alipapasa ubavu wa gari mpaka akaupata mlango wa mbele, akaufungua, akaketi, akaweka mfuko wake mapajani na kufunga mlango.

— Mama, halitembei, — alisema Baba Pacha.

— Nimeona. Jicho moja linatosha kuona hilo. Wenzangu wodini wamenisikia siku zote hizi nikisema narudi na gari la mwanangu, halafu nikatoka pale nimekaa na mashuka. Hapa ndipo nimefika kwenye gari la mwanangu, na sishuki mpaka nyumbani. Nyie wote hapo hamna mikono?

Wakaangaliana. Baba Pacha akafunga boneti, akaweka gia huru, akashika usukani kupitia dirisha la upande wa dereva. Wengine wakaenda nyuma: Injinia, Kinyozi na mashine yake mfukoni, Mstaafu aliyevua kwanza koti, na yule mteja wa kichwa nusu, ambaye hakuwa na kosa lolote ila hakuwa na pa kwenda. Gari likasita, likakubali, likaanza kusogea. Watu walitoka madukani kutazama. Hakuna aliyecheka mbele ya mama, lakini Baba Pacha alijua watacheka jioni, na waliostahili kuchekwa wote walikuwa nyuma ya gari wanahema, isipokuwa mmoja aliyekuwa pembeni ya usukani.

Mama alinyoosha mkono akauweka juu ya mkono wake, mafuta na yote.

— Wewe nimeshakusamehe, — alimwambia kwa sauti ya chini. — Hao ndio nina neno nao.

Barabara ilianza kuinuka kidogo. Nyuma ilisikika sauti ya Injinia, imekatwakatwa na pumzi, inasema kwamba kitaalamu ingefaa kwanza kupunguza uzito.

Mama alitoa kichwa dirishani, akageukia nyuma kwa upande wa jicho lililo wazi.

— Wanangu, bado sijajibiwa. Lilikuwa na nini?

Wakainamisha vichwa, wakasukuma.